Kiti cha Kamba ya Katani

Mwaka jana mwanangu wa pili, ambaye kazi yake ni kupanga na kupamba nyumba za watu jijini Dar es Salaam, alikuja hapa Kibaha akiwa amefuatana na mteja wake. Hawakunifuata mimi, walikifuata kiti. Kiti chenyewe kilikuwa uani, kando ya tangi la maji, na kwa zaidi ya miaka ishirini kazi yake ilikuwa kubeba ndoo. Mgeni yule alikizunguka, akakigonga kwa kidole, kisha akafanya jambo ambalo sikuwa nimeona mtu akilifanyia kiti: alikipindua miguu juu, akaanza kutafuta kitu chini yake. Alikuwa akitafuta mhuri wa mtengenezaji. Alipoukosa alikirudisha chini taratibu, akasema ni kizuri, ila ni nakala. Akataja bei.

Bei ile ingetosha kununua ndoo nyingi. Hata hivyo neno lile la nakala lilinichoma, kwa maana kiti kile alikitengeneza baba yangu. Nilisema hakiuzwi. Mwanangu alinitazama kwa mshangao, na walipokuwa wakiondoka akaninong'oneza: "Lakini Baba, kimenyeshewa miaka yote hii na hukujali." Hakunikosea heshima. Alisema kweli, na ndiyo sababu usiku ule sikupata usingizi.

Siku zilizofuata nilimwomba anieleze mtindo huo ambao watu wa mjini wanautafuta mpaka kwenye nyua za wazee. Akaniletea vitabu vyake. Nilivisoma kama mwalimu mstaafu anavyosoma, yaani polepole na kwa kalamu mkononi, na hayo ninayoyaandika hapa ni mavuno ya kusoma kule pamoja na yale niliyoyaona kwa macho yangu.

Jina la mtindo huo ni changa kuliko vitu vyenyewe. Mwandishi wa Marekani, Cara Greenberg, alichapisha mwaka 1984 kitabu juu ya samani za miaka ya 1950 akakiita Mid-Century Modern, yaani mambo ya kisasa ya katikati ya karne. Jina hilo likashika. Wale waliozibuni samani hizo katika miaka ya 1940, 1950 na 1960 hawakujiita hivyo. Walijiona tu kuwa watu wanaotatua shida. Ukiingia katika chumba kilichopangwa kwa mtindo huo utautambua mara moja. Samani zimeinuliwa kutoka sakafuni kwa miguu myembamba, hata ufagio unapita chini yake. Mbao zinaonyesha nyuzi zake bila kufichwa kwa rangi. Hakuna nakshi, hakuna maua yaliyochongwa, hakuna miguu ya simba. Madirisha ni mapana na vitu ni vichache.

Shida waliyokuwa wakiitatua ilikuwa nini? Vita Kuu ya Pili ya Dunia iliacha watu wengi bila makazi na askari wengi wakirudi nyumbani kuoa. Zilihitajika nyumba nyingi, ndogo na za haraka, na samani za kutosha ndani yake. Kabati la babu, zito kama jiwe la kaburi, halikuingia tena.

Hadithi inayonipendeza zaidi ni ya Charles Eames na mkewe Ray. Walioana mwaka 1941, wakahamia Los Angeles, na humo katika nyumba yao ya kupanga wakawa wanajaribu kuikunja plaiwudi kwa joto na shinikizo. Wakati huohuo jeshi la wanamaji la Marekani lilikuwa na taabu ya magango ya kufungia miguu iliyovunjika. Yale ya chuma yalitikisika majeruhi alipobebwa, na maumivu yakazidi. Eames na mkewe walitengeneza gango la plaiwudi lililofuata umbo la mguu wa binadamu, na jeshi likaagiza maelfu kwa maelfu. Vita vilipokwisha, ujuzi uleule wa kuukunja ubao ufuate mguu ulitumika kuukunja ufuate mgongo na makalio. Vikazaliwa viti vyao vya plaiwudi, na mwaka 1999 jarida la Time lilikichagua kimoja chao kuwa usanifu bora wa karne nzima. Kwa muda mrefu sifa zilimwendea Charles peke yake, kana kwamba Ray alikuwa akipika chai tu. Siku hizi wenye kuandika historia wanayarekebisha hayo.

Mwaka 1948 Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York yaliitisha mashindano ya kimataifa ya kubuni samani. Naomba msomaji alishike sharti lake: samani za bei nafuu. Ndiko walikopeleka Eames na mkewe wazo la kiti cha ganda moja, ambacho kilianza kuuzwa mwaka 1950 kikiwa cha faibaglasi. Sisemi kwamba kila walichokigusa kilikuwa cha mnyonge. Kile kiti chao kikubwa cha ngozi na plaiwudi cha mwaka 1956 hakikuwahi kuwa cha mnyonge. Lakini nia ya wengi wao, mwanzoni, ilikuwa kumpa mtu wa kawaida kitu chema kwa fedha anayoweza kuitoa. Ukilinganisha na bei za leo katika minada ya London na New York, utacheka au utalia, kwa kadiri ya mfuko wako.

Tawi linalonihusu mimi, hata hivyo, halikuchipuka Marekani. Lilichipuka Denmark. Huko umoja wa vyama vya ushirika vya walaji, FDB, uliamua kutengeneza samani zake wenyewe kwa ajili ya wanachama wake, na mwaka 1942 ukamweka Børge Mogensen kuongoza kazi hiyo. Mogensen alikuwa seremala kabla ya kuwa msanifu, na alisoma kwa mwalimu mkali, Kaare Klint, ambaye aliwafundisha wanafunzi wake kupima kwanza na kuchora baadaye: kimo cha mtu aliyeketi, urefu wa mkono, vitu vinavyowekwa kabatini. Mogensen aliyafuata mafundisho hayo mpaka mwisho. Katika miaka ya 1950 yeye na Grethe Meyer walipima vitu vya nyumbani, mashati na mashuka na vyombo vya mezani, ili makabati yapewe ukubwa unaofaa badala ya kukisiwa.

Mwaka 1947 Mogensen alibuni kiti cha mezani kilichopewa namba J39. Ni kiti cha miti ya mviringo, mgongo wake ni ubao mmoja mpana uliopindwa kidogo, na kikalio chake kimesukwa kwa kamba ya karatasi iliyosokotwa. Wadenmark walikiita kiti cha watu. Ninalotaka kulisisitiza ni kwamba Mogensen hakukitoa hewani. Alivutiwa na viti vya Shaker, watu wa jumuiya moja ya dini huko Marekani walioishi pamoja, wakafanya kazi kwa mikono yao na kuyaona mapambo kuwa ubatili. Kwa hiyo kiti cha watu cha Denmark kilikuwa na babu yake ng'ambo ya bahari, na hakuna aliyekipindua miguu juu na kukiita nakala.

Mwaka 1963 nchi za Ulaya ya Kaskazini, Denmark miongoni mwao, ziliungana na Tanganyika kuanzisha mradi mkubwa hapa Kibaha, yapata kilomita 40 kutoka Dar es Salaam. Ulikusudiwa kupambana na wale maadui watatu ambao Mwalimu Nyerere alikuwa akiwataja kila siku, ujinga, umaskini na maradhi, kwa hiyo vilijengwa shule, kituo cha afya na chuo cha wakulima. Mwaka 1970 mradi ulikabidhiwa kwa Serikali ya Tanzania. Baba yangu alikuwa mmoja wa maseremala waliopata kibarua katika ujenzi. Useremala alijifunza kwa fundi mmoja wa Kihindi mjini Dar es Salaam, ambaye alimfundisha pia kutokumwamini mtu anayetumia misumari pale ambapo ulimi wa mti na tundu lake vingetosha.

Nakumbuka siku kiti cha kwanza kilipofika nyumbani. Nadhani ilikuwa mwaka 1966. Nilikuwa na umri wa kwenda shule lakini bado nilitumwa dukani bila kupewa kitu cha kuandika. Mtaalamu mmoja wa Kidenmark alikileta kwa baba kifanyiwe matengenezo. Panya walikuwa wametafuna kamba ya kikalio, maana kumbe ilikuwa karatasi, na panya wa Kibaha walikuwa hawajapata kuonja kitu kama hicho. Baba alikaa na kile kiti siku tisa. Alikipima kwa futi, kisha kwa uzi, kisha kwa viganja vyake. Alikikalia, akaamka, akakikalia tena. Mama alimwuliza kama analipwa kwa kukalia.

Kamba ya karatasi haikupatikana. Katani ilikuwepo tele. Zama zile katani ndiyo iliyokuwa ikiilisha nchi. Akasuka kikalio kwa kamba ya katani. Mdenmark yule alifurahi, akalipa, akaenda zake. Baba akabaki na vipimo. Kwa muda wa mwaka mmoja, jioni baada ya kibarua, alitengeneza viti sita vya mninga. Havikuwa sawasawa na kile cha mgeni. Kikalio alikiteremsha, kwa sababu mama alikuwa mfupi na alipenda kuchambua mchicha akiwa ameketi na miguu imekanyaga chini. Mgongo aliupanua kidogo, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa mpana. Alikuwa hajapata kusikia jina la Kaare Klint.

Katani mpya inachoma. Sisi watoto, na kaptura zetu, tuliondoka mezani mapaja yamechorwa kama ramani. Ilichukua kama mwaka mmoja wa kukaliwa kabla ya kamba zile hazijalainika na kung'aa kama zilizopakwa mafuta, na baada ya hapo sikupata kuketi kwenye kiti kilichonipokea vizuri zaidi.

Sasa nifike pale ninapoona haya kufika. Baba alifariki mwaka 1987. Mwaka 1994 nilipandishwa cheo, nami kama wenzangu wote nikanunua seti ya makochi: makubwa, manene, yaliyovikwa mahameli ya rangi ya damu ya mzee, ambayo ilibidi tung'oe fremu ya mlango ili yaingie. Sebule ilijaa. Upepo uliokuwa ukipita kutoka dirisha hadi dirisha ukawa hauna njia, na mgeni aliyeketi adhuhuri aliondoka na mgongo umelowa. Lakini tulionekana watu. Viti vya baba vilihamia jikoni na barazani. Viwili nikampa jirani. Mama hakusema kitu. Alichukua kimoja akakiweka chini ya mwembe, akawa anaketi huko.

Mama alipofariki mwaka 1998 ilikuwa masika. Kuni zililowa, na waliokuwa wakipika ubwabwa wa msibani walihangaika na moshi. Mtu mmoja, sitamtaja na wala hana kosa, aliviona viti viwili vikuukuu barazani, akavivunja kwa shoka. Nilikuwepo. Niliona. Mninga uliokauka miaka thelathini unawaka vizuri sana. Nilijiambia kwamba mtu mwenye msiba hahangaiki na viti, na kwa miaka mingi nikakitumia kisingizio hicho. Kimoja kingine kiliisha kwa mchwa. Kilichobaki ni kile cha ndoo.

Katika vitabu vya mwanangu nilikuta kisa kilichonifariji, ingawa si faraja ya kujivunia. India ilipojenga mji mpya wa Chandigarh katika miaka ya 1950, Le Corbusier aliyesimamia usanifu alimwacha huko binamu yake, Pierre Jeanneret, naye akaishi mjini humo mpaka mwaka 1965. Jeanneret na wenzake, akiwemo mwanamke msanifu Eulie Chowdhury, walibuni viti vya ofisi, mahakama na vyuo, vya mti wa msaji na henzirani, vyenye miguu iliyokutana kama herufi V iliyopinduliwa. Mafundi wa huko walivitengeneza kwa maelfu. Vilipochakaa makarani waliviona takataka. Vilirundikwa juu ya mapaa na katika nyua, vikauzwa kwa mnada pamoja na vyuma chakavu, na wafanyabiashara kutoka Ulaya wakavinunua, wakavisafisha na kuviuza kwa fedha ambayo karani yule asingeipata kwa mshahara wa miaka. Mwaka 2011 Serikali ya India ilipiga marufuku kuviuza na kuvisafirisha nje. Basi, sikuwa peke yangu duniani. Tulikuwa wengi tuliozoea kuona kwamba kitu chema ni kile kilicho kwa mwingine.

Mtindo wenyewe ulirudi kwa nguvu. Tamthilia ya televisheni ya Marekani iitwayo Mad Men, iliyoonyeshwa kuanzia mwaka 2007 hadi 2015, iliwafanya vijana watamani ofisi za babu zao. Mwanangu ananiambia kwamba wateja wake wanamletea picha kwenye simu na kusema, nataka hivi. Naye anawapa hivyo: kabati refu la miguu myembamba, taa ya kuinama, zulia la mistari, na kiti kimoja pembeni.

Hapa nina maoni yangu, na mzee akishastaafu hulipwa pensheni na maoni. Watu wengi wanaoutumia mtindo huu leo wanachukua sura na kuiacha sababu. Nilimtembelea mwanangu nikakikuta kiti cha baba, ambacho nilimruhusu akakisafishe, kimewekwa chini ya taa pembeni ya sebule, na wajukuu wamekatazwa kukikalia. "Babu, hicho ni cha kuangalia," mdogo wao akanionya. Nikakikalia. Kiti kilichobuniwa kwa kupima viungo vya mtu hakina maana nyingine zaidi ya mtu.

Kosa la pili ni kudhani kwamba mtindo huu unadai chumba kitupu kama zahanati. Nyumba ambayo Eames na mkewe walijijengea Pacific Palisades mwaka 1949 ilikuwa ya chuma na vioo, lakini ndani mlijaa vikapu, mikeka, vinyago na midoli kutoka kila pembe ya dunia. Kwa hiyo sioni kwa nini vitambaa vya kufuma vya marehemu mke wangu viondolewe eti havina usasa. Kwa hilo mimi na mwanangu bado hatujaelewana.

Lakini kuna mambo ambayo mtindo huu unatufaa kuliko unavyowafaa waliouzua, na haya nayasema kwa mtu anayepanga nyumba yake sasa. Samani zenye miguu zinaacha hewa ipite na nyoka aonekane. Kikalio cha kusukwa hakishiki joto kama sponji. Kiti chepesi kinahamia barazani jua linapozama na kurudi ndani mvua inapokuja. Dirisha pana na ukuta wa matofali ya matundu hupunguza haja ya kiyoyozi, na wasanifu kama Anthony Almeida walikuwa wakilijua hilo Dar es Salaam tangu miaka ya 1950, kabla hatujaanza kujifungia ndani chini ya dari za jipsamu. Na mbao hatuna haja ya kuziagiza: Wadenmark walisafirisha msaji kutoka Asia, nasi tunao umepandwa Longuza na Mtibwa. Wengine wanauita mtiki.

Mwezi wa nane nilikichukua kiti, nikapanda nacho daladala mpaka Keko, kwa fundi aliyeelekezwa na mwanangu. Ni kijana wa miaka kama thelathini na tano. Alifuta mikono kwenye suruali, akakishika kile kiti kwa muda mrefu bila kusema, akapitisha ukucha pale mguu unapokutana na fito.

"Mzee, humu hamna msumari."

"Hamna."

"Nani alikitengeneza?"

Nikamwambia. Akauliza ninataka vingapi, nikasema vitano, ili viwe sita. Mninga, alisema, siku hizi ni ghali na una vibali vyake. Akashauri mtiki, nami nikakubali. Juu ya kikalio alinishauri sponji na ngozi ya bandia, nikakataa. Tukabishana bei. Kisha nikamwomba jambo moja: chini ya kila kiti aandike jina lake na mwaka. Alicheka, akadhani natania, lakini aliandika.

Vitatu vimekwisha kuletwa na vinatumika hapa mezani, pamoja na kile cha zamani. Mguu mmoja wa kiti cha pili ni mfupi kidogo, nimeuwekea kipande cha ndala. Wajukuu walipokuja likizo mdogo wao alilalamika kwamba katani inamchoma mapajani. Nilimwambia avumilie, itachukua kama mwaka mmoja.